Jangwani Pamefungwa

Anayekaa Dar es Salaam upande wa Magomeni, Manzese, Sinza au Kimara anajua kwamba masika huwa na tangazo lake, na makondakta, bodaboda na magrupu ya WhatsApp hulitoa kwa maneno yaleyale: Jangwani pamefungwa. Mto Msimbazi unateremka na maji ya vilima vya Pugu na Kisarawe, unafika pale bondeni karibu na baharini, na bahari ikiwa imejaa maji yanakosa pa kwenda, yanapanda barabarani. Barabara ya Morogoro inakatika kati ya Faya na Magomeni Mapipa. Basi la mwendokasi linageuzia njiani. Mwenye haraka atazungukia Daraja la Salenda, au atatokea Buguruni ashike Barabara ya Mandela hadi Ubungo, na huko atawakuta wenzake wote waliopata wazo hilohilo.

Naeleza hayo mapema ili msomaji wa mkoani asije akaniuliza katikati ya hadithi kwa nini hatukurudi tu nyumbani.

Rafiki yangu tunamwita Fundi, na mkewe naye anamwita hivyohivyo. Ana kibanda chake Manzese, anatengeneza redio, sabufa, amplifaya, na chochote kingine chenye waya kitakachopitishwa dirishani. Mimi ni mpenzi wa muziki wa dansi. Yeye ni mpenzi wa mashine zinazopiga huo muziki. Kwa hiyo tukitoka pamoja tunakaa meza moja na kusikiliza vitu viwili tofauti. Nikiuliza, "Umemsikia huyo mwimbaji?" yeye atanijibu kwamba spika ya kushoto imechoka.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa nne tulikubaliana mambo madogo tu. Tungekwenda Ilala, tule mishkaki, tusikilize bendi moja ya wazee nusu ya kwanza, saa sita usiku kila mtu awe kwake. Fundi alimuaga mkewe kwa kauli hiyo, mimi nikiwa shahidi.

Ukumbi wenyewe ni uwanja wa baa ulioezekwa bati, jukwaa la futi mbili, viti vya plastiki, na kiingilio kinywaji chako. Watu wa dansi wanajuana. Wanaume wa makamo wamechomekea mashati, viatu vimepigwa rangi, na wengine wana kofia za pama. Akina mama wamevaa vitenge vilivyoshonwa kwa fundi wa maana. Hakuna anayecheza kwa papara. Wimbo ukianza wanakaa wanasikiliza kisa, maana dansi la hapa kwetu lina kisa kwanza: mume kamtelekeza mke, ndugu wamegombea mirathi, rafiki kageuka nyoka. Mwimbaji anasimulia polepole, magitaa yanasukana chini yake, solo huku, ridhimu kule. Kisha inaingia chemko, mapigo yanapanda, na hapo viti vinabaki vitupu.

Chemko ya wimbo wa kwanza ndiyo iliyotuharibia ratiba, kwa sababu besi ilianza kukoroma.

Mimi sikuisikia. Fundi aliweka soda chini, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, akasema, "Siyo spika hiyo. Ni jeki." Nikamwambia hatukuja kazini. Akasema sawa. Wimbo wa pili besi ikakatika kabisa, ikarudi, ikakatika tena, na mpiga besi akawa anaushikilia waya kwa goti huku anapiga. Sikumwona Fundi akiinuka. Nilipogeuka alikuwa tayari amepiga magoti nyuma ya amplifaya, na mzee wa tumba, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, anammulikia kwa tochi ya simu.

Tatizo lilikuwa dogo na baya. Pale unapochomekwa waya wa gitaa, kwa ndani, ile risasi ya kulehemu iliyoushika waya mwembamba ilikuwa imepasuka. Kuigusa kwa joto kidogo ingeyeyuka na kushika upya, shughuli ya dakika moja. Lakini kifaa chake cha kulehemu kilikuwa Manzese, na mfukoni alikuwa na bisibisi ya testa peke yake, ambayo huibeba hata akienda msibani.

Akamwendea muuza mishkaki. Mishikaki ya pale, kama ya vijiwe vingi, ni spoku za baiskeli zilizonolewa ncha. Fundi akaomba tatu tupu, akazisugua kwa majivu mpaka mafuta ya nyama yakatoka, akazichomeka kwenye mkaa. Kijana wa mishkaki akamuuliza kwa nini tatu. "Moja inapoa kabla haijafika," akajibu, na wakati huo amplifaya ilikuwa inaletwa jikoni, imebebwa na watu wawili, maana safari ya kutoka jikoni mpaka jukwaani ingezipoza hata zikiwa kumi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mwimbaji, bwana mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa, akafungua mwavuli akawakinga wote: Fundi, amplifaya na jiko. Spoku zilipokuwa nyekundu Fundi alizikusanya pamoja kwa kitambaa, akagusisha ncha zake pale kwenye risasi kuukuu, akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Risasi ikang'aa ghafla, ikatulia. Akapuliza. Moshi uliotoka ulinukia mshikaki.

Bendi iliporudi hewani besi ilikuwa imejaa ukumbi mzima, hata mimi niliisikia. Mama mmoja aliyekuwa akimtunza mpiga solo alishuka jukwaani, akaja mpaka mezani kwetu, akabandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso la Fundi. Fundi hakujua afanye nini. Katika miaka yake yote ya kutengeneza vitu, nadhani hakuwahi kutunzwa.

Tungeondoka wakati huo tungefika. Lakini mtu aliyetoka kutunzwa haondoki, na mvua nayo iliamua kushuka yenyewe. Mvua ya masika juu ya bati haishindani na bendi, inaizima. Mwimbaji alijitahidi ubeti mmoja, tukaona mdomo unafunguka tu bila sauti. Wakaacha. Watu wakatoa simu, na ule ujumbe wa Jangwani ukaanza kuzunguka meza kwa meza. Wenye magari wakakimbilia njia ya Buguruni. Dereva wa bajaji aliyekuwa amejibanza getini alitutajia bei ya kutufikisha Manzese, na ilikuwa inazidi Sh 13,000, iliyokuwa nauli ya kwenda Morogoro kwa treni ya umeme wakati huo. Mimi nilikuwa tayari kulipa. Fundi akasema kwa hela hiyo bora tukalale Morogoro. Bajaji ikaondoka na watu wengine.

Tukabaki wachache: wahudumu, kijana wa mishkaki, sisi wawili, na bendi karibu yote, kwa sababu wanamuziki nao wanakaa kulekule ng'ambo ya mto, Magomeni, Kigogo, Mburahati.

Mvua ilipopungua kidogo hakuna aliyerudi jukwaani. Walivuta viti katikati ya ukumbi, wakaacha vipaza sauti kule juu, wakaanza kupiga kwa ajili yao wenyewe. Nimehudhuria madansi mengi, ila sijapata kusikia kitu cha namna ile. Mpiga besi alishika tumba, mzee wa tumba akashika gitaa, wakakosea, wakachekana, wakabishana nani alitunga ubeti upi na ulikuwa unaanzia wapi. Wimbo ukikatika mtu anadaka mwingine. Nyingi zilikuwa za bendi walizopitia ujanani, na kila bendi ilikuwa na mapigo yake ambayo mwenyeji anayatambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Hapo nitoke kidogo nje ya ukumbi. Vijana wengi wanadhani bendi zimekuwa hivi siku zote, watu kumi wanagawana mauzo ya bia. Haikuwa hivyo. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika jina na bendi ilibadilika nacho, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo Msondo Ngoma. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ikapata ukumbi Kariakoo na mashabiki wa mtindo wake wa Sikinde, ambao mpaka kesho hawakai meza moja na wa Msondo. Vijana Jazz na mtindo wao wa Pambamoto walikuwa wa umoja wa vijana. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi. Hata Maquis waliotoka Kongo na mtindo wao wa Kamanyola walikuta jiji ambalo kupiga gitaa ni kazi inayoeleweka. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki Aprili 2014, aliimba Msondo na akaimba Sikinde, na watu walizungumzia kuhama kwake kama wanavyozungumzia usajili wa Simba na Yanga.

Mzee wa saksafoni, aliyekuwa amekaa mkabala nami akisafisha kinywa cha ala yake kwa leso, aliyapitia maisha hayo bila machozi. Mshahara mwisho wa mwezi. Sare. Basi la kwenda mikoani. "Ila ala hazikuwa zako, mwanangu. Ukihama unaondoka na mapafu yako." Nilimuuliza kama Bongo Fleva ndiyo iliyowaua. Akacheka, akasema mjukuu wake anaimba Bongo Fleva na naye hana hela.

Mimi nina msimamo juu ya hili, na nimeshaubishania vijiweni. Tunasema dansi limeshuka kwa sababu masikio ya watu yamebadilika. Masikio yamebadilika, sawa. Lakini kilichotangulia kuondoka ni mwajiri. Mashirika yalipoanza kubana matumizi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, bendi zilikuwa mzigo wa kwanza kutuliwa, na bendi ya watu kumi na tano yenye tarumbeta tatu haiishi kwa kiingilio kinywaji chako. Mwanamuziki aliyekuwa na mshahara akalazimika kutafuta kazi ya mchana. Nilikuwa nayasema hayo kwa nadharia tu. Usiku huo nilionyeshwa.

Ilipata saa tisa na nusu. Mvua ilikuwa imebaki matone ya kwenye mabati. Mzee wa tumba akatazama saa, akavua shati la bendi, akalikunja vizuri, akatoa kwenye begi fulana na mabuti ya mpira.

"Mimi naenda kazini," akasema. "Twendeni mkanywe supu."

"Kazini wapi saa hizi, mzee?"

"Feri. Mimi dalali."

Kutoka Ilala kwenda Feri, kwenye soko la samaki, huvuki Jangwani. Bajaji ikatupeleka kwa bei ya kibinadamu kwa sababu dereva alimfahamu mzee. Tulipita Kariakoo, ambayo watu wanadhani hulala. Makuli walikuwa wakishusha marobota, gunia tupu limekunjwa kichwani kukinga maji, na mtaa mzima unanuka katoni mbichi. Mtaa wa Msimbazi Fundi, ambaye ni Yanga, aligeuza uso tulipopita makao makuu ya Simba. Mzee wa tumba, ambaye ni Simba, akamuuliza kama kule klabuni kwao Jangwani wameshaanza kuogelea. Hakupata jibu mpaka tunashuka.

Feri kabla ya alfajiri ni pahala pa kelele na taa. Zile boti ambazo zilithubutu kutoka usiku huo zilikuwa zimeegesha, na vijana wanaingia majini mpaka kiunoni kupokea ndoo. Ndani kuna meza za saruji, sakafu inateleza, na kila mtu ana buti isipokuwa sisi wenye viatu vya dansi. Mvua ilikuwa imepunguza mzigo, kwa hiyo wanunuzi walikuwa wengi kuliko samaki, na hilo, mzee alitueleza huku akifunga aproni ya plastiki, ndilo pigo la asubuhi. Samaki wakiwa wengi dalali anabembeleza. Wakiwa wachache anatulia, anawaacha wenyewe wapandishane.

Akaanza. Mvuvi alimwaga mezani fungu la vibua na changu wachache juu yake. Mzee aligonga ukingo wa beseni kwa kiganja, mara mbili, akapumzika, mara moja, akataja bei. Akagonga tena. "Thelathini, thelathini, thelathini na tano huyu mama, thelathini na tano, nani ananiua?" Fundi akanishika mkono. Hakuhitaji kuniambia. Yalikuwa mapigo yaleyale ya tumba, ya ile sehemu kabla ya chemko, pale ambapo bendi inajizuia. Bei ilivyopanda ndivyo mkono ulivyoongeza kasi, na wanunuzi, akina mama lishe na wakaanga samaki na vijana wa baiskeli zenye matenga, walikuwa wakisogea bila kujijua. Alipofika arobaini na nane akanyamaza ghafla na kumtazama mama mmoja machoni. Mama akasema hamsini. Imeuzwa. Fungu likaingia kwenye ndoo, mvuvi akapewa chake, dalali akakata chake, beseni likagongwa tena.

Nilimwuliza baadaye, wakati tunakunywa supu ya pweza kwa mama mmoja mwenye benchi pembeni, kama anafanya hivyo kwa makusudi. Akashangaa swali. Alisema kwanza alikuwa dalali, tumba alijifunza baadaye, kwa kugonga mabeseni. Yaani nilikuwa nimeupanga uhusiano huo kinyumenyume, na nadharia yangu ya kazi ya mchana ikapata tundu: huyu hakuwa mwanamuziki aliyekimbilia samaki. Alikuwa mtu wa samaki ambaye muziki ulimwajiri kwa miaka kadhaa, kisha ukamrudisha alikotoka. Nadharia inabaki kwa yule wa saksafoni, ambaye anauza vocha.

Supu ilipoisha mzee aliinuka akaenda mezani kwake, akarudi na kolekole amefungwa mkonge mdomoni, urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko na zaidi.

"Fundi, ile kazi ya jana. Bendi haina hela. Mimi nina huyu."

Fundi alikataa mara moja kwa adabu, mara ya pili akapokea. Vijana wa kupaa samaki walitaka kumsafisha palepale, akagoma. Alitaka afike nyumbani mzima, aonekane.

Kulipopambazuka tulisikia Jangwani pamefunguliwa upande mmoja. Tukapanda daladala, tukiwa tumelowa viatu, suruali zimeganda matope, na yule samaki kasimamishwa katikati yetu kwenye mfuko wa salfeti, kichwa kiko nje. Konda alipofika kukusanya nauli aliangalia, akahesabu abiria watatu. Ubishi huo ulitufikisha Faya. Pale mtoni maji yalikuwa bado yamelala pande zote mbili, tope limeacha mstari kwenye nguzo kwa kimo cha kifua, na watu wanachukua picha. Fundi hakutazama. Alikuwa anatunga maelezo ya kumpa mkewe, na kila kituo aliyabadilisha. Mara mvua, mara bendi, mara mimi ndiye niliyechelewa. Aliponiambia kwa dhati kwamba toleo la mwisho lina ajali ya bajaji, nikamwomba aniache nje ya kesi hiyo.

Mkewe alikuwa anafagia maji uani. Nikawahi kumsalimu, "Habari za asubuhi, shemeji." Akaitika vizuri, ndipo nikaingiwa na hofu kweli. Fundi akafungua mdomo aanze na mvua. Mkewe akanyoosha mkono, akapokea mfuko, akamtoa kolekole, akamgeuza, akamfunua shavu kutazama kama ni wa leo.

"Umemnunua?"

"Nimelipwa. Nilitengeneza amplifaya."

"Kwa nani?"

"Bendi."

Akafikiri kidogo, uzito wa samaki ukiwa mkononi mwake.

"Jumamosi ijayo rudi ukawatazamie na spika," akasema akielekea jikoni. "Na uwaulize kama kuna anayeuza nazi."